Pete Inayofumua Uzi

Dawa ya mkakamao huchemshwa kabla ya kudungwa mtu. Jambo hilo liliwachekesha wagonjwa wa kituo cha Sirkon, hata wale ambao taya zao zilikuwa zimeanza kukaza, kwani nani amewahi kuona dawa ya sindano ikipikwa kama githeri? Lakini Seleina hakujali kicheko. Aliibana chupa kwa koleo, akaiteremsha ndani ya ufa wa ardhi uliokuwa ukifuka mvuke, akaiacha humo mpaka jasho likamtiririka puani na kioo kikaanza kulia.

"Daktari mdogo," mwanamke mmoja akaita kutoka mlangoni mwa banda la chini, "ukimaliza kuipika hiyo usisahau kitunguu."

Banda zima likacheka, wale walioweza kucheka.

Mwanamke huyo aliitwa Wamaitha. Kabla ukame haujaua mashamba, alikuwa mkaushaji wa pareto juu ya nyufa hizi hizi. Alitandaza maua kwenye nyavu za waya, akauacha mvuke wa ardhi ufanye kazi ya jua. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome. Alipanda mlima akiwa amembeba mgongoni mdogo wake, Nyaguthii, mwanamke mzima aliyebaki na uzito wa kuku, ambaye vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimejikunja na kukataa kufunguka. Mkakamao huanza hivyo: vidole, kisha taya, kisha kifua. Ukifika kifuani mtu hufa akiwa macho, akili timamu, akitazama watu wanaomtazama. Wamaitha mwenyewe alikuwa ameshapata dalili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ngumi, naye aliuficha ndani ya khanga kama kitu alichoiba.

"Kwani unaichemshia nini?" akauliza, safari hii bila mzaha.

Seleina angeweza kusema ni kuua vijidudu tu, akaendelea na kazi. Lakini alikuwa kijana, digrii yake haikuwa imeshika vumbi, na aliamini kwamba mtu ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake. Akachuchumaa karibu na mlango.

"Ndani ya chupa hii mna pete ndogo sana, haionekani kwa macho. Ilitoka kwa viumbe wanaoitwa arkea. Wanaishi kwenye matope yanayochemka kama yale pale bondeni. Joto ambalo lingekuua wewe na mimi, kwao ndiyo hali ya hewa. Kwa hiyo tunachemsha chupa, kila uchafu unakufa, pete inabaki inatucheka."

"Na hiyo pete anavaa nani?"

"Havai mtu. Inakula." Seleina alitabasamu bila kutaka. "Kirusi cha mkakamao ni uzi. Uzi mrefu wa herufi, unaitwa RNA. Ukiingia mwilini unauamrisha mwili wako utengeneze virusi vingine. Sasa pete ina vipande sita vilivyoshikana kama watoto kwenye mduara, aina mbili zikipishana. Juu yake kuna kofia ya vipande vitatu. Kofia ndiyo inayoukamata uzi na kuuelekeza kwenye tundu la katikati. Tundu ni jembamba, uzi uliojikunja haupiti, sharti unyooke. Ukishaingia ndani unafumuliwa, herufi moja moja, kuanzia mkiani."

"Panya anayekula kamba."

"Panya. Ila hana meno. Kila herufi anayoikata anahitaji chembe ya fosfeti, madini yaliyomo kwenye damu yako. Anaibandika kwenye herufi, herufi inang'oka. Asipopata fosfeti, hakati."

Wamaitha alifikiri. "Na hao arkea walikuwa wakifuga panya wa nini?"

"Kufuta maagizo yaliyopitwa na wakati. Kila kiumbe hai hujiandikia maagizo siku nzima. Lazima awepo wa kuyafuta. Watengenezaji wamebadilisha kofia tu, ishike uzi wa kirusi na kuziacha nyuzi zako."

Wamaitha akageuka kumtazama mdogo wake aliyelala kwenye mkeka.

"Nyaguthii, umesikia? Panya wa jehanamu anakuja kukuokoa. Usimpige na kiatu."

Nyaguthii hakuweza kufungua kinywa vizuri. Alicheka kwa macho.

*

Dakta Mwarania, mkuu wa kituo, alikuwa mtu wa sentensi fupi. Alimkuta Seleina ghalani akihesabu mabomba ya sindano, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Banda la chini wasipewe chakula," alisema. "Wadungwe kwanza. Siku ya tatu, walio hai watakula."

"Hawajala tangu walipoanza kupanda mlima, daktari. Wengine tangu kabla ya hapo."

"Najua. Unga uliobaki unawatosha watakaoishi. Hauwatoshi na watakaokufa. Nani ni nani, tutajua baada ya sindano."

Seleina aliliweka chini bomba alilolishika. "Hiyo si tiba."

"Ni mgawo."

"Basi hata kwa mgawo umekosea." Alisonga mbele, alikuwa amejiandaa. "Pete inataka fosfeti. Fosfeti inatoka kwenye chakula. Mwenye njaa ataipata wapi? Angalia banda la juu. Askari na mafundi wa pampu tuliwadunga wakiwa wanakula kila siku, na wote wamepona. Wote. Ukiwanyima chakula hawa wa chini unainyima pete, halafu utasema dawa haifai kwa maskini."

Dakta Mwarania alimsikiliza mpaka mwisho. Hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kukatizwa.

"Pete umeisoma wapi?"

"Chuoni. Miaka mitatu."

"Na njaa, umeisoma wapi?"

Hakungoja jibu. Alikuwa akiteremka barabarani kulitafuta lori la mahitaji, ambalo redio ilisema limekwama kwenye korongo, na asingerudi hadi kesho. Seleina alimwona akishuka njia ya mawe, mgongo umenyooka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamchukia mtu kwa moyo safi.

Sista Tabutany ndiye aliyekuwa na ufunguo wa ghala la chakula. Alikuwa muuguzi wa makamo, mnene wa mabega, aliyewaita wagonjwa wote "watoto wangu" hata waliomzidi umri. Seleina alipomweleza, hakuhitaji kubembelezwa.

"Dawa gani hiyo inayopenda tumbo tupu?" alisema. "Hata kidonge cha kichwa mtu huambiwa ale kwanza. Mimi nilipoanza kazi hii, kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kumuuliza mgonjwa, umekula? Yeye Mwarania alifundishiwa wapi, magereza?"

"Atatukasirikia."

"Akasirike. Hasira haiui."

Wakapika uji wa mahindi kwenye sufuria kubwa ya askari, juu ya ufa ule ule wa kuchemshia dawa, kwa maji yaliyokuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati ya kunasa mvuke. Tabutany alikoroga. Seleina akamimina sukari, akasita, akaimimina yote. Watu hawa walikuwa wamechoka hadi kwenye mifupa. Nguvu ya haraka ndiyo waliyohitaji. Alipoonja, ulikuwa mtamu mpaka ukamwuma jino.

*

Baadaye Seleina angetamani kuisahau ile alasiri kwa sababu ilikuwa nzuri.

Uji ulipoingia bandani, watu hawakugombana. Wale wenye mikono mizima waliwashikia bakuli wenye ngumi. Mwanamume mmoja aliyeitwa Gitonga, dereva wa zamani wa trekta, aliunywa uji wake macho yamefumba, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi kanisani, "Mimi hata nikifa sasa nimeshafika." Wakamcheka. Mzee mmoja akalamba bakuli, akalilamba tena, akamwuliza Tabutany kama ameolewa.

Wamaitha alikuwa amemwinua Nyaguthii na kumwegemeza kifuani pake. Alimnywesha kidogo kidogo kupitia pengo la taya, akimpangusa kidevu kwa ncha ya khanga. Bakuli la Nyaguthii lilipokwisha, alichukua la kwake, ambalo hakuwa ameligusa, akaanza kumnywesha hilo nalo.

"Na wewe unywe," Seleina alimwambia.

"Nimeshiba kwa macho."

"Wamaitha, tafadhali."

"Daktari mdogo, huyu nilimlea mimi. Mama alituacha akiwa bado ananyonya. Nikila mbele yake kitu hakipiti hapa." Alijigusa koo. "Wewe nipe tu huyo panya wako, mimi ni mgumu. Angalia, ameanza kupata rangi."

Ilikuwa kweli. Mashavu ya Nyaguthii yalikuwa na joto. Seleina alitazama ile ngumi ya Wamaitha ikiliegemeza bakuli, na ule mkono mzima ukilielekeza, uji ukimalizika mpaka tone la mwisho. Hiki ndicho nilichosomea, alijiambia. Si karatasi, si mashine. Ni hiki.

Sufuria haikuwafikia wote. Watu wachache wa pembeni, waliochelewa kuamka au waliojiona wako karibu mno na kaburi, walikosa. Seleina aliwaomba radhi mmoja mmoja. Kabla jua halijashuka nyuma ya ukingo wa bonde, alikuwa amewadunga wote, waliokula na waliokosa.

*

Pete hufanya kazi haraka. Kwenye banda la juu, askari waliodungwa jioni walifungua vidole asubuhi na kudai chai. Kwa hiyo kulipokucha, Seleina aliteremka bandani karibu akikimbia, akitarajia mikono iliyofunguka.

Alikuta Tabutany amepiga magoti kando ya Gitonga. Dereva alikuwa macho. Kifua chake hakikupanda wala kushuka. Macho yalimfuata Seleina kutoka mlangoni hadi miguuni pake, yakabaki hapo, na baada ya muda hayakuwa yakimwangalia tena.

"Huyu ni wa nne," Tabutany alisema kwa sauti ndogo. "Na wengine vifua vimeanza. Msichana wangu, ni nini hii? Jana walikuwa wazuri."

Seleina alichukua damu. Alichukua ya Nyaguthii, ambaye sasa alikuwa akipumua kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija, akachukua na ya Wamaitha aliyekuwa amemshika. Alipanda na vichupa hivyo kwenye chumba cha mashine, akafunga mlango, akaomba, ingawa hakuwa mtu wa kuomba.

Mashine ilisoma ya Wamaitha kwanza. Uzi wa kirusi ulikuwa vipandevipande, herufi zilizotapakaa kama makapi. Panya alikuwa amekula vizuri.

Kisha ikasoma ya Nyaguthii, na Seleina akadhani imeharibika. Nyuzi hazikuwa zimefupika. Zilikuwa ndefu kuliko jana. Kila uzi ulikuwa umeota mkia, na mkia ule ulikuwa karibu wote herufi moja, A, A, A, A, kama mtu aliyeandika neno kisha akasahau kuinua kalamu. Chini yake, kipimo cha fosfeti katika damu kilikuwa kimeanguka karibu kabisa na sifuri.

Alikaa kitini. Alijua anachokiona. Hilo ndilo lililomvunja: si kwamba halikujulikana, bali kwamba alilijua. Pete ni mlango wa pande mbili. Penye fosfeti tele, hufumua. Fosfeti ikiisha na herufi zilizokatwa zikarundikana, mlango hugeuka; pete huziokota herufi zile na kuzishona tena kwenye uzi. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa mwaka wa pili, naye alilipata. Na katika mwili wa arkea, mkia kama ule ni alama ya kitu cha kufutwa. Katika mwili wa mwanadamu ni alama ya agizo la kuheshimiwa. Mwili wa Nyaguthii ulikuwa ukiusoma uzi wa kirusi kwa utiifu, tena na tena, kama barua iliyopigwa muhuri.

Lakini fosfeti ilikwenda wapi? Wamaitha hakula, na anayo. Nyaguthii alikula mara mbili, na hana.

Alipoliweka swali hivyo, jibu lilikuja lenyewe. Mwili wenye njaa hujila. Hubomoa nyama yake, hukwangua mifupa yake, na fosfeti inayotoka humo humwagika katika damu. Kwa hiyo mwenye njaa akiachwa na njaa yake, anayo ya kumtosha panya. Mmiminie sukari ghafla, na kila chembe ya mwili wake huamka kama mtu aliyemwagiwa maji, hufungua mlango, huivuta sukari ndani, na kila sukari inayoingia hufungwa kwa fosfeti. Kufikia usiku fosfeti yote imeshikwa. Askari wa banda la juu hawakudhurika kwa sababu miili yao ilikuwa imezoea kula. Ni mwenye njaa tu anayeuawa na bakuli.

Hakuwa na dawa ya kuirudisha. Fosfeti ya kutiwa kwenye mshipa ilikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa korongoni.

*

Dakta Mwarania alirudi bila lori, viatu vyeupe kwa vumbi. Alipita bandani mgonjwa kwa mgonjwa. Kisha akamwita Seleina nyuma ya mabati ya kunasa mvuke, ambako maji yalikuwa yakidondoka ndani ya pipa.

Seleina alimweleza yote. Hakujitetea. Alipofika kwenye sukari alilazimika kusimama, akaanza tena.

"Ulikuwa umesema kweli," alimalizia. "Ulijua."

"Sikujua kitu." Dakta alinawa uso kwa maji ya pipa. "Nilikataza chakula kwa sababu kilikuwa kidogo. Nilikuambia. Ningekuwa na magunia ishirini ningewalisha mwenyewe, na wangekufa wote. Usinipe sifa nisizostahili, zitanikaa vibaya."

"Nitawaambiaje?"

"Usiwaambie. Sema dawa iliharibika njiani."

"Wakisikia dawa imeharibika, nani atakubali kudungwa tena? Kuna watu wapya tangu alfajiri, wamejaa uani."

"Basi sema ugonjwa uliwazidi. Kila mtu anaelewa ugonjwa." Alijipangusa kwa mkono wa shati. "Yule mwanamke aliyemlisha mdogo wake. Unataka kumwambia nini? Kwamba angekuwa mchoyo angekuwa na ndugu? Umeshawapa uji, binti. Sasa unataka kuwapa na ukweli. Ngoja kwanza, pumzika."

Maneno hayo yalimwingia Seleina kama mwiba, hasa kwa kuwa yalikuwa na huruma ndani yake.

Nyaguthii alikufa adhuhuri. Seleina alikuwepo. Hakukuwa na la kufanya ila kuwepo. Wamaitha alimwimbia kitu kwa Kikuyu, taratibu, bila machozi, mpaka ile sauti ya mrija ikakoma. Kisha akanyoosha mkono amfumbe macho, na aliponyoosha, mkono wa kushoto ndio uliokwenda. Vidole vilikuwa vimefunguka. Aliutazama mkono ule ukiwa wazi juu ya uso wa mdogo wake, akavikunja vidole, akavikunjua.

"Tazama," alimwambia Seleina, kwa mshangao wa kitoto. "Mimi nimepona."

*

Wanawake wa kanisa la mtaa wa juu walifika mara tu baada ya hapo. Walikuwa wamesikia kwamba watu wa Sirkon wana njaa, wakachanga walichokuwa nacho: masufuria mawili ya mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, na birika kubwa la chai ya maziwa iliyojaa sukari. Waliyaweka uani katikati ya watu wapya waliokuwa wakingoja sindano. Vifuniko vilipofunuliwa harufu ilipanda, na watu wakasimama, hata wale waliodhaniwa hawawezi kusimama.

Seleina alikimbia, akasimama mbele ya masufuria, mikono ameinyoosha.

"Msile. Naomba msile kwanza. Mdungwe, mngoje siku tatu, ndipo mle."

"Siku tatu," mwanamume mmoja mrefu alirudia. Alikuwa na ngumi mbili za mkakamao na mbavu za kuhesabika. "Na wewe lini ulikula mara ya mwisho, madamu? Maana mashavu yako hayajasikia habari ya siku tatu."

Watu wakacheka kicheko kikavu.

"Jana hawa wa ndani mliwapa uji," mwanamke mwingine alisema. "Tumeambiwa. Leo sisi ni mbwa?"

"Ondoka, mtoto," alisema mmoja wa wanawake wa kanisa, kwa upole. "Chakula cha Mungu hakizuiwi."

Mwanamume yule mrefu alianza kumzunguka. Wengine wakamfuata. Dakta Mwarania alikuwa juu kwenye ngazi ya ofisi. Angeweza kuwaita askari, na askari wangeweza kuyapindua masufuria kwa buti, na watu hawa wangeondoka na virusi vyao badala ya kukubali sindano kutoka mikono ile. Seleina aliliona hilo wazi. Aliwaona pia Wamaitha na Tabutany wakitokea mlangoni mwa banda, wamebeba mwili uliofungwa kwenye mkeka. Wangesikia kila neno.

Alikuwa na muda wa pumzi moja. Angenyamaza ili ampunguzie Wamaitha uchungu, hawa wangekula. Akafungua kinywa.

"Waliokunywa uji jana ndio waliokufa," alisema kwa sauti ya juu. "Waliokosa uji wanapona. Si ugonjwa, si dawa. Ni chakula. Mtu aliyekaa na njaa akila ghafla, kile ambacho dawa inakitumia kinamwishia mwilini, na dawa inageuka, badala ya kuua kirusi inakilea. Sikujua. Niliupika mimi. Nilitia sukari kwa mkono wangu."

Mwanamume mrefu akasita katikati ya hatua.

Wamaitha aliushusha upande wake wa mkeka chini, taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Akaja.

"Rudia."

Seleina alirudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu alimwambia yeye peke yake.

"Nyaguthii alikunywa mabakuli mawili," Wamaitha alisema.

"Ndiyo."

"La kwake, na la kwangu."

"Ndiyo."

"Lile lake peke yake lingemuua?"

Ndani ya banda walikuwamo wawili waliokunywa bakuli moja, na walikuwa bado wakipumua. Walikuwamo pia waliokunywa moja na wamekufa. Seleina angeweza kusema lingemuua, na mwanamke huyu angerudi nyumbani na kaburi tu moyoni, bila hatia juu yake. Neno lilikuwa fupi. Lilikuwa tayari mdomoni.

Lakini watu wale wote walikuwa wakimtazama usoni ili wajue kama ni mtu wa kusema kweli.

"Sijui," alisema. "Huenda angeishi."

Wamaitha alimpiga kofi. Halikuwa kofi la hasira kubwa. Lilikuwa kama la mtu anayejaribu kuona kama mkono uliopona unafanya kazi. Alimpiga mara ya pili kwa nguvu, na Seleina hakuinua mkono kujikinga. Wamaitha alipoinua mkono mara ya tatu aliuacha hewani, akauteremsha.

Kisha akageuka, akafunika sufuria la kwanza, akafunika la pili. Akalibeba birika la chai hadi kwenye ufa wa mvuke, akalimwaga lote humo. Ardhi ikachefuka, harufu ya maziwa yaliyoungua ikaenea. Mwanamke mmoja wa kanisa akaanza kulia. Wamaitha alirudi, akakaa juu ya kifuniko cha sufuria kubwa, lililokuwa bado moto, akakunja khanga yake chini ya mapaja.

"Nilimlisha mdogo wangu kwa mkono huu," aliwaambia, akiuinua mkono wa kushoto vidole vikiwa wazi. "Yule pale. Nendeni mkafunue mkeka, mtazame. Mimi sikula, na niko hapa nimeketi. Anayetaka mukimo aje aniondoe."

Hakuna aliyekwenda. Mwanamume mrefu alisimama mbele yake akitetemeka, machozi yakimtoka kwa njaa, si kwa kitu kingine.

"Dada," alisema. "Kijiko kimoja tu. Nitakufa kabla ya hiyo siku ya tatu."

"Hutakufa. Njaa inakuuma kwa sababu bado inakubeba."

"Kimoja, dada yangu."

"Usiniite hivyo," Wamaitha alisema.

Seleina alikuwa amekwisha kuleta chupa kutoka kwenye mvuke; mikono yake ilijua kazi hata kichwa kilipokataa. Alivuta dawa kwenye bomba, akapiga kioo kwa kucha hewa itoke, kisha akasimama, hakuweza kupiga hatua. Wamaitha alimwona. Akiwa ameketi vile vile juu ya chakula, akamvuta yule mwanamume kwa kiganja chake kigumu, akamkunja mkono wa shati hadi begani, akamgeuza bega kuelekea kwa Seleina.

"Dunga," alisema. "Na usimwonee huruma."